Kovu la Ndui Halizuii Mafua

Nakumbuka siku moja niliisikia safari ya wapagazi kabla sijaiona. Ilikuwa asubuhi, umande ungali juu ya majani ya mpunga, nami nimeketi ndani na kichanga changu kifuani, ndipo barugumu likalia kutoka upande wa njia ya Kabambare. Likapanda, likapanda, kisha likakatika katikati kama mtu aliyesahau neno alilotaka kusema. Pakawa kimya. Likaanza tena, likakatika tena. Watu barabarani wakacheka. "Mpiga barugumu amelewa," akasema mmoja. Hakuwa amelewa, mwanangu. Alikuwa anakohoa.

Sogeza kiti chako pale dirishani penye hewa, wala usikasirike. Tangu uingie unapiga chafya, na umeniambia kwamba ukitoka hapa unakwenda Lusangi kumwona mtoto wa dada yako, ambaye kitovu chake hakijakauka. Nilipokuuliza unaumwa nini, ulicheka ukasema, "Bibi, ni mafua tu." Maneno hayo mawili ya mwisho niliwahi kuyasikia kinywani mwa mtu niliyempenda. Kaa kidogo, nikuambie yalimfikisha wapi.

Wakati huo Wazungu walikuwa hawajauingia mji huu na vita vyao. Kasongo ilikuwa na nyumba ndefu za matajiri, mabustani ya machungwa na makomamanga, na mashamba ya mpunga yaliyoanzia uani kwa watu yakaishia jicho linapochoka. Safari zilikuja kutoka Ujiji kwa njia ya Kabambare, zikileta nguo, shanga na habari, zikirudi na pembe. Wapagazi wengine walikuwa huru, wengine shingo zao hazikuwa mali yao. Kikohozi hakikuwauliza nani ni nani.

Babu yako Ramazani alikuwa fundi wa kushona kanzu. Tajiri mmoja wa Kabambare alimwita akawashonee watu wake, akaondoka tumbo langu lingali dogo, linafichika chini ya kaniki. Nilijifungua hayupo. Kichanga yule ni baba yako, huyo unayemwona leo na mvi zake akibishana na kila mtu sokoni. Basi kila safari iliyotoka mashariki niliisikiliza kwa mwili mzima. Kumtamani mtu aliye mbali, mwanangu, ni kama kutwanga peke yako: mikono inachoka, lakini hutaki kuuweka mchi chini.

Nami nilikuwa ndani ya arobaini. Kwa desturi yetu mzazi hatoki nje mpaka siku hizo zipite, na anayemtunza ni mama mkwe wake. Mama mkwe wangu aliitwa Mama Salima, mjane, uso wake umechimbwa na ndui kama mchanga uliopigwa na matone ya mvua ya kwanza. Kila asubuhi aliingia na chungu cha maji ya uvuguvugu. Alinyoosha miguu sakafuni, akamlaza mtoto juu yake, akamwosha, akampaka mafuta ya mawese, akamnyoosha viungo huku akimtania. "Wewe iko na miguu ya mupagazi," alimwambia, "lakini tutakufundisha kushika sindano." Mimi sikuwa na mama. Wangu alikufa Nyangwe nikiwa sijapoteza meno ya utoto. Mikono ile ya asubuhi ndiyo mama niliyepewa.

Mama Salima alikuwa na kazi nyingine mjini. Zamani zile tuliogopa ndui kuliko vita. Safari ilipokaribia, alikwenda kuisubiri kijitoni, nje ya mji, akatazama nyuso na viganja vya watu mmoja mmoja. Aliyeonekana na kipele alipelekwa kwenye vibanda ng'ambo ya kijito, na waliomhudumia huko walikuwa watu wenye makovu peke yao, maana ndui ikikupiga ukapona, hairudi kwako. Mama Salima ndiye aliyewaongoza. Aliingia vibandani akatoka, akalisha wagonjwa, akaosha maiti, na hakuna kilichompata. Watu walisema kifo kilimwonja kikamtema. Baada ya miaka ya kusikia hivyo, naye aliamini. Nani angemlaumu?

Basi siku ile ya barugumu alikwenda kijitoni kama kawaida yake. Akatazama nyuso. Macho yalikuwa mekundu, pua zinatiririka, watu wazima wanatetemeka juani kama waliotoka mtoni. Lakini kipele hakuna. Nilimsikia anarudi, anawaambia watu barabarani: "Waache wapite. Ndui hakuna. Iko mafua tu."

Bunduki zikapigwa hewani, kama ilivyokuwa desturi ya kuingia mji. Watu wakatoka mbio kupokea ndugu zao. Wakakumbatiana, wakabusiana viganja, kata ya maji ikapita kinywa hadi kinywa. Jioni ile sinia za wali ziliandaliwa katika kila baraza, na mikono ya wageni na wenyeji ikakutana katika sinia moja. Ukarimu wetu, mwanangu, ndio uliobeba ugonjwa nyumba hadi nyumba, na kila mlango ulifunguliwa kwa furaha. Kikulacho ki nguoni mwako.

Lakini nimekimbilia jioni. Kabla ya hapo, hatua nilizozijua zilikuja mpaka mlangoni kwangu, zikasimama.

"Mwamini."

Ilikuwa sauti ya Ramazani, ila kama iliyoburutwa njia nzima.

"Niko hapa. Ingia, bwana wangu."

"Usifungue."

Nilidhani ananitania, maana alikuwa mtu wa mizaha. "Miezi yote hii umenikimbia, na leo unataka nikufungie?"

"Ndiyo, unifungie." Akakohoa, akakohoa, nikasikia ameegemea mwimo wa mlango. "Mutoto iko muzima?"

"Muzima. Anataka kukuona."

"Asinione."

Kisha akanieleza, kwa vipande, akipumzika kati ya neno na neno. Huko Kabambare alikaa kwa rafiki yake, mshonaji mwenziwe, aliyekuwa na baba mzee na mtoto mchanga. Rafiki alirudi kutoka barazani siku moja akiumwa kichwa na mifupa, homa kali, kikohozi kikavu. Walicheka naye, wakamwita bibi-arusi kwa jinsi alivyojifunika. Yule rafiki akapona. Baba yake na mtoto wake wakazikwa. "Wenye nguvu gonjwa hili linawaangusha na kuwaacha," akasema Ramazani. "Wazee na watoto linaondoka nao. Mimi nilifikiri limenipita, mpaka tulipofika Wamaza, njiani. Sasa nalibeba."

Aliomba alale ghalani. Ghala letu la mpunga lilishikana na nyumba, ukuta mmoja wa miti na udongo katikati, mlango wake ukitazama upande mwingine. Hapo ndipo Mama Salima alipofika.

"Unasimama nje kwa nini, wewe Ramazani, kama mugeni? Ingia kwako."

"Mama, niko na ugonjwa."

"Nimekuona kijitoni. Iko mafua. Mutu anakufa na mafua?"

"Kabambare wanakufa."

"Kabambare wanakufa na ubahili," alisema, na majirani wakacheka. "Mimi nimelala na ndui kitanda kimoja. Mafua itanifanya nini? Itanipaka kamasi, basi."

Akamshika mkono akampeleka ghalani, akamtandikia mkeka, akampikia uji. Ramazani hakuwa na nguvu za kubishana na mama yake. Lakini jua lilipoanza kushuka alinong'ona kwenye ukuta: "Mwamini, mutu atakayekaa na mimi huku asiguse mutoto. Hata mama. Uniahidi."

Wewe wa leo huwezi kujua alikuwa ananiomba nini. Mwanamke aliyeolewa juzi hakumwambia mama mkwe wake hapana, hata kwa kuinua nyusi. Na huyu hakuwa mama mkwe wa kunitesa, ambaye angenirahisishia ukaidi. Alikuwa mama wa pekee niliyekuwa naye. Nilimtazama baba yako. Alikuwa amelala, kifua chake kidogo kinapanda na kushuka kama kifua cha ndege mkononi. Kifua kile kingebeba kikohozi gani? Nikasema, "Nakuahidi."

Asubuhi Mama Salima akaja. Nikasikia chungu kikiwekwa kizingitini, nikasikia mkono wake ukisukuma mlango, mlango ukagoma.

"Fungua, mutoto wangu, maji iko inapoa."

"Mama, nisamehe. Umelala kule."

"Nililala kwa mutoto wangu."

"Na mimi niko na wangu, mama."

Mtoto aliyekuwa ananyonya akaacha, akatazama mlango. Kisha mama akasema, si kwa ukali, na afadhali ingekuwa kwa ukali: "Tangu siku umeingia nyumba hii sikukuita mukwe. Nilikuita mutoto. Leo umenifundisha jina lako."

Akaenda. Chungu akakiacha. Nilipofungua, nimejifunika uso kwa nguo, maji yalikuwa yangali na joto la mkono wake.

Mji una masikio. Jirani yetu Bi Mauwa, aliyechukua kazi ya kuniletea chakula, alikiweka mlangoni pamoja na ulimi wake. "Kumbe siku hizi mabibi-arusi wanafungia wakwe milango," aliwaambia wenziwe ili nisikie. "Kesho watawapokea na bunduki." Mwingine akajibu, "Labda mutoto wake ni wa dhahabu, wanaogopa tutamukwangua." Nililia juu ya wali ule, nikaula hivyo hivyo, kwa maana maziwa hayatoki tumboni patupu.

Nisikudanganye kwamba zile zilikuwa siku za huzuni peke yake. Kila magharibi niliketi mgongo wangu ukiwa ukutani, na upande wa pili mgongo wa Ramazani, na udongo kati yetu ulikuwa kama unapata joto.

"Pua yake ya nani?" aliuliza.

"Ya mama yako."

"Masikini. Na masikio?"

"Yako."

"Basi amekwisha kuharibika, mufunge mufukoni."

Nilicheka mpaka nikajiziba kinywa. Naye alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka kimya, nikangoja pumzi yake irudi. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda wakati nilipokuwa sioni hata kivuli chake. Mpaka leo, akiwa kaburini miaka mingi, nikimkumbuka huona udongo na miti ya ukuta ule kabla ya kuuona uso wake.

Homa yake ikashuka. Akaanza kuomba samaki, nikajua amepona. Lakini kikohozi ghalani hakikuisha. Kilibadilika. Kilichokuwa kikavu na cha haraka kikawa kizito, cha kina, kama mtu anayeburuta gogo. Nikaelewa ni cha Mama Salima, kabla hajaniambia.

Alikuwa ameanza siku nyingi, akificha. Mficha maradhi kilio humwumbua. Alipokohoa alisema ni moshi wa kuni. Alipotetemeka alisema ni umande. Alikuwa anazunguka mji mzima na ugonjwa wake, maana sasa watu wa kila mtaa walikuwa wamelala, naye, mwenye kovu, ndiye aliyeitwa. Alikwenda kila nyumba kama alivyokwenda vibandani enzi za ndui. Hakuna aliyekumbuka kumuuliza kama kovu lile lilikuwa na neno lolote na mafua. Tulikosea sote, mwanangu, na lilikuwa kosa la watu wenye uzoefu. Tulichukua ufunguo wa mlango mmoja tukadhani unafungua yote.

Aliporudi safari ya mwisho hakuweza kusimama. Ramazani alimlaza pale pale ghalani. Asubuhi moja nikasikia jina langu, sauti imekwisha kuwa pumzi.

"Mwamini. Uko karibu na ukuta?"

"Niko, mama."

"Usije karibu zaidi." Akapumua mara nyingi. "Niliwapitisha wale watu. Nilitazama ngozi. Hii haikai ngozini."

"Mama, pumzika."

"Nitapumzika sana. Sikiliza. Wazee niliowapikia uji wamekufa, Mwamini. Nilifikiri kovu langu ni ngao ya kila kitu. Kumbe ni ya ndui peke yake. Uwaambie watu, mimi sitapita tena barabarani kuwaambia." Akakohoa. "Siku ile mulangoni nilikuita mukwe. Narudisha neno langu. Wewe ni mutoto wangu. Ulinifungia, na ulifanya vizuri. Usifungue kikohozi kikipungua. Fungua kikiisha."

Nilikuwa nimeweka kiganja ukutani. Nikauliza kama anataka kitu.

"Mwoshe mutoto," alisema. "Hapo, karibu, nisikie maji."

Nikachota maji, nikanyoosha miguu sakafuni kama yeye, nikamlaza mtoto. Akaniteleza.

"Shikilia shingo," ukuta ukasema. "Miguu kwanza. Kichwa mwisho, na ukikaushe upesi. Usimwache na ubaridi. Sasa mafuta. Vuta mukono huu uvuke kifua, mwingine hivyo hivyo."

Baba yako akalia kwa hasira, sauti kubwa ya mwenye haki. Nikamsikia Mama Salima anacheka kule upande wa pili, cheko dogo lililokatika. "Sikia," alisema. "Kifua kizuri."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Kesho yake alfajiri Ramazani aligonga ukuta mara moja.

Wanawake walimwosha, wanaume wakambeba. Arobaini yangu haikuwa imekwisha, na vikohozi vingali vinajibizana mji mzima, hivyo sikutoka. Nilisikia tahlili ikiondoka uani, ikapita machungwani, ikawa ndogo, ikawa upepo. Bi Mauwa alileta chakula siku ile bila neno. Alikaa mbali na kizingiti, akaweka mkono wake kifuani, nami nikaweka wangu.

Sasa mimi ni mzee kumpita Mama Salima alivyokuwa. Na asubuhi, kabla hamjaamka, bado nangoja chungu kiwekwe kizingitini. Nina watoto, nina wajukuu, nina nyumba iliyojaa kelele, na bado ningeyatoa mengi ili mikono ile iniletee maji mara moja tu. Alikufa kwa kitu ambacho watu hukiita kidogo. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu, wewe na wenzako mnaojivunia vifua vipana. Mafua ya kila msimu si mzaha, hata kama wewe utalala leo na keshokutwa ukacheza ngoma. Wewe ni njia, na mwisho wa njia amekaa mzee, au mwenye mimba, au kichanga, au mtu ambaye kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani. Ukianza kuumwa kichwa na mifupa, homa ikapanda, kaa nyumbani. Lala peke yako ukiweza, fungua dirisha, kunywa maji na uji. Kohoa katika nguo, usikohoe usoni pa mtu. Osha mikono kabla ya kugusa cha wenzako, na kata yako iwe yako. Usiinuke kwenda shambani kwa kuwa homa ilishuka jana, maana wengi niliowajua waliangushwa na siku ile ya kujidai. Ukiona pumzi imekuwa fupi, au kifua kinauma, au mtoto hanyonyi, usingoje kesho, peleka kwa mganga wa hospitali. Wala usiseme nimeugua mwaka jana, nimemaliza. Ugonjwa huu si ndui. Unarudi, na kila ukirudi unabisha hodi kwa aliye dhaifu. Anayekuhudumia naye umhurumie, usimpeleke kutoka kitandani kwako mpaka kwenye kitanda cha mtoto.

Na wewe uliye mzima, mwenye mtoto ndani: ukilazimika kumfungia unayempenda, fungia. Heshima inayoua si heshima. Zungumzeni kwa ukuta. Nimeishi na mapenzi ya namna hiyo, najua yanavyoshiba.

Dada yako nitamtumia neno Lusangi, kwamba mjomba wa mtoto anampenda mno, ndiyo maana hakuja. Atanuna. Mwache anune, kununa kunapona. Utakwenda kikohozi kikiisha, ukambebe huyo mtoto mpaka mikono ife ganzi.

Inuka sasa urudi kwako ukalale. Hapana, usinipe mkono. Weka kifuani, hivyo, inatosha. Mwenyezi Mungu akupe pumzi ndefu na usingizi mwema. Akuinue kitandani kwako ukiwa na shukrani, akukalishe uzeeni katikati ya watu wako, na asiyeonwa na macho yako kwa sababu ya kumhurumia, akuonyeshe akiwa mzima. Amina. Pita taratibu, kizingiti kimeinuka pale. Nasikia mlango ukifungwa nyuma yako.